Kinywa cha Kuazima

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno la leo, nina la kusema. Jumapili iliyopita mtu mmoja alisahau Biblia yake kwenye benchi. Nikaifungua nitafute jina, nikakuta katikati ya kurasa kijitabu cha hadithi za mashujaa na mazimwi. Panga juu, joka chini. Sitamtaja mwenyewe. Anajijua, na naona ameinama. Mwanangu, inua kichwa, nilikisoma chote mpaka chai ikapoa! Ila kitu kimoja kilinikera. Mle ndani mwema na mbaya unawajua kwa sura. Mtu akiwa na pembe, basi yamekwisha, hakuna wa kumuuliza kitu. Nikasema, ngoja na mimi nitunge ya kwangu.

Kulikuwa na msokota kamba mmoja, katika mji ambao watu walikaa mlimani penye ardhi kavu na mazimwi walikaa bondeni penye matope. Mji ule ulikuwa na sheria yake. Zimwi hasemi barazani. Akiwa na shauri, anamnong'oneza mtu sikioni, na yule mtu anaweka mkono begani kwake na kutangaza, "Zimwi anasema hivi na hivi." Waliita kuazima kinywa. Na mwenye kuazimisha kinywa chake haulizwi chochote, maana maneno si yake. Walijivunia sana sheria hiyo. "Sisi ni watu wa haki jamani, hata zimwi tunamsikiliza!" Haya.

Huyu msokota kamba alikuwa shujaa wa mji. Miaka mitatu nyuma joka lilikuja likalalia chemchemi, watu wakawa wanakufa kiu. Yeye akachukua mkuki akaenda. Kwenda alikwenda kweli, tusimnyime haki yake. Lakini joka lilipofumbua jicho moja tu, akaanguka chini kwa hofu, mkuki kule, yeye huku. Aliyeliua ni zimwi wa bondeni aliyekuwa akipita na mzigo wa matete. Alilikaba shingo. Likamng'ata mkono hadi mfupani, naye hakuachia mpaka likatulia. Kisha akamwinua msokota kamba, akampangusa vumbi, akamwambia, "Beba kichwa uwapelekee waone, waje wachote maji. Mimi wakiniona nacho watakimbia."

Basi akabeba. Njia nzima alikuwa anapanga atakavyowaeleza. Lakini alipofika langoni, lo! Vigelegele, nguo zinatandikwa chini apite, mama yake analia kwa furaha. Akafungua mdomo aseme, wakamnyanyua juu. Hakusema uongo, ndugu zangu. Alinyamaza tu. Siku ya kwanza alinyamaza kwa sababu ya makelele. Siku ya pili aliona haya. Siku ya tatu, sasa angeanzia wapi? Wewe ungeanzia wapi?

Ikapita miaka mitatu. Siku moja wawindaji wakaingia kibandani kwa yule zimwi kukwepa mvua, wakakuta amelalia ngozi ya joka, na mkononi ana kovu kubwa. Sasa, watu wa mji ule huwa ndugu kwa kuchanjana. Mnachanjwa mkononi, damu inagusana na damu, basi mmekuwa ndugu hadi kufa. Wakaliona lile kovu, wakapiga yowe. "Huyu amechanjana na joka! Amemtunzia ndugu yake ngozi ili amfufue!" Jamani, ngozi ya mnyama inachunwa na nani kama si aliyemuua? Lakini wao aliyeua si wanamjua? Si shujaa wao?

Wakamfunga kamba, tena kamba zilizosokotwa na shujaa yuleyule, wakamfikisha barazani. Mkuu wa baraza alikuwa mzee wa sauti laini. Akasema, "Ndugu wa joka atatoswa kwenye shimo la matope kabla jua halijazama. Lakini sisi si wakatili. Achague kinywa cha kumsemea."

Zimwi akainua macho, akamtazama msokota kamba.

Yeye akasogea, akaweka mkono begani kwa zimwi, akatega sikio. Alijua ataambiwa, sema ukweli, wewe mwoga. Zimwi akanong'ona, "Hujambo, ndugu yangu? Mbona unatetemeka? Sema tu lile utakaloliweza."

Machozi yakamlengalenga msokota kamba. Akatangaza, "Zimwi anasema... zimwi anasema yeye ndiye aliyeliua joka."

Wee! Baraza liliangua kicheko, watu wakashika mbavu. "Lizimwi hili halina haya! Linamnyang'anya shujaa wetu sifa, tena kwa kinywa cha shujaa mwenyewe!" Mkuu wa baraza akamwinamia msokota kamba kwa heshima. "Pole sana, mwanangu. Umelibeba tusi hili kiungwana." Wakampigia makofi.

Na yeye, Mungu amsamehe, alisikia nafuu. Akajiambia, si nimeshasema? Ukweli nimeutoa mbele ya watu, wao wenyewe ndio wameukataa. Mnaijua nafuu ya namna hiyo? Mimi naijua vizuri sana.

Wakaanza kumkokota zimwi kuelekea shimoni. Alipopita karibu na msokota kamba, akasimama kidogo. Safari hii hakunong'ona, ingawa sheria inamkataza kusema. "Mimi nimeshasema," alimwambia. "Na wewe?"

Msokota kamba alitazama mbele, akamwona mama yake bado anapiga makofi. Akawaona watoto waliopewa jina lake, wamepakatwa na mama zao. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, mbali na yule zimwi, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kudai kwamba anaazimisha kinywa.

"Subirini," alisema. "Sasa nasema mimi. Joka sikuliua. Nilianguka chini kwa hofu. Aliyeliua ni huyu mliyemfunga, na kovu hilo ni la meno, niliyaona kwa macho yangu yakizama. Mkimtosa, mtamtosa aliyewapa maji. Mimi nimewadanganya miaka mitatu."

Hakuna aliyecheka. Mama yake alijifunika uso kwa upande wa nguo. Mkuu wa baraza akamuuliza, "Unajua unachokipoteza?"

"Najua, mzee. Hakikuwa changu."

Zimwi wakamfungua. Na mkiniuliza walimfanya nini msokota kamba, sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Walimzomea mpaka mlangoni kwake, na walichukua muda mrefu kumsamehe.

Sasa tuje kwetu sisi. Jumanne wazee wa mtaa wanakaa kumjadili Bi Nyamizi wa kule mtoni. Macho yake ni mekundu. Na sisi, ambao tumekulia jikoni mwa mama zetu, tunajua kabisa macho yale yameliwa na moshi wa kuni. Lakini tumeyatazama tukasema mchawi. Nimewasikia wapole wetu, watu wa sala, mkimtetea. "Yeye anasema hana hatia." "Binti yake anasema mama ni mtu wa kanisa." Anasema, anasema! Na wewe je? Humu ndani wamo akina mama waliojifungulia mikononi mwa Bi Nyamizi. Wamo waliokandwa mgongo na yeye mwezi mzima baada ya uzazi, wakapikiwa uji. Mnaogopa watu watawaita wenzake, nami siwalaumu, maana hofu hiyo ninayo.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa mvua imekata barabara. Aliyempokea ni Bi Nyamizi. Alimpulizia pumzi mtoto aliyekuwa kimya mpaka akalia. Na wiki ya tatu sasa watu wananiuliza habari zake, mimi mchungaji wenu, najibu, "Tumwombee." Nimejificha nyuma ya maombi, ndugu zangu. Naona aibu kuwaambia, lakini ndivyo ilivyo.

Basi leo nasema mimi. Bi Nyamizi namjua, hana uchawi wowote, na Jumanne saa tatu asubuhi nitasimama mbele ya wazee niseme hivyo, hata nikibaki peke yangu. Kwaya, msianze wimbo kwanza. Kama mikono ya yule mama iliwahi kukupokea wewe au mtoto wako, simama hapo ulipo. Nangoja.