Alama Mbili za Swali la Tisa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, maana magari yalikuwepo na simu zilikuwepo, kulikuwa na mji huko Marekani uitwao Corwin. Mji wenyewe uko kando ya mto mpana wa maji ya matope. Upande huu wa mto ni jimbo moja, upande ule ni jimbo jingine, na hospitali iko upande ule. Daraja la zamani lilikuwa limechakaa, likafungwa kwa minyororo. Mgonjwa wa Corwin akizidiwa, anazungushwa maili sitini kufikishwa mahali anapopaona kwa macho yake akiwa dirishani.

Sasa hao ni watu waliokwenda mwezini wakarudi na mawe. Lakini wana jambo lao moja. Dunia karibu yote inapima kwa mita, wao wanapima kwa futi. Haya, futi si kitu. Ajabu ni kwamba hizo futi walikuwa nazo mbili. Jimbo la upande huu lilitumia futi ya kale, jimbo la upande ule lilitumia futi mpya, na ya kale ilikuwa ndefu kuliko mpya kwa kitu kidogo mno, kidogo kuliko unene wa unywele. Ukipima meza huoni tofauti. Ukipima shamba huoni tofauti. Lakini wapimaji wa huko hawaanzi kuhesabu pale mtoni. Wanahesabu tangu kwenye nguzo ya serikali iliyo mbali, maili mia nne, na kila futi inakuja na kijisehemu chake cha unywele. Mpaka ufike mtoni, vile vijisehemu vimejikusanya vimekuwa futi nne nzima.

Corwin nzima, mtu aliyeyajua hayo alikuwa mmoja tu: Mwalimu Odessa.

Odessa alifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja chenye meza nzito, mizani na mabomba ya maji sita, mawili yanavuja. Hakuwa mpole. Mtoto akisema “nadhani,” alimwambia, “Kadhani nyumbani kwenu, hapa tunapima.” Zamani darasa lake lilijaa. Mwaka huo alibaki na wanafunzi sita, na meya alikitaka chumba kile apate kuweka vyuma vya mazoezi vya timu ya mpira. Mpira wao si huu wetu. Wao wanavaa kofia ngumu na kugongana vichwa.

Meya huyo aliitwa Clyde. Kabla ya umeya alikuwa kocha wa timu hiyo hiyo, na mji mzima, hata wakwe zake, walimwita Kocha.

“Mwalimu, wanafunzi sita!” alimwambia mlangoni. “Mimi nina vijana arobaini wananyanyua vyuma kwenye korido.”

“Na hao arobaini wakimaliza shule, Kocha, watanyanyua nini?”

“Si walininyanyua mimi?”

Odessa hakucheka, ingawa ilichekesha.

Kati ya hao wawili kulikuwa na jambo la miaka kumi na mitano. Shule za huko zina sheria: mwanafunzi akifeli somo, hachezi. Kufaulu ni sitini. Kocha alikuwa na mchezaji aitwaye Lennox, kijana wa mabega, na Lennox alipata hamsini na nane kwenye sayansi. Swali la tisa hakuligusa kabisa. Siku ya somo hilo alikuwa uwanjani. Kocha akaja chumbani kwa Odessa, akavua kofia.

“Alama mbili tu, Odessa. Jumamosi tuna fainali.”

“Hakuandika kitu. Nisahihishe karatasi nyeupe?”

“Huyu mtoto akicheza, chuo kitamchukua bure. Asipocheza, atabaki hapa kuosha magari. Ni alama mbili.”

Odessa akaitazama ile karatasi. Akatia alama ya vyema palipokuwa patupu, hamsini na nane ikawa sitini. Na swali la tisa lilikuwa linauliza hivi: majimbo mawili yanatumia futi mbili, ukihesabu tangu maili mia nne, utakosea kwa kiasi gani?

Lennox akacheza, wakashinda, chuo kikamchukua. Na msidhani alikaa chuoni akirusha mpira tu. Goti lilivunjika mwaka wa kwanza, akasoma uhandisi kwa jasho lake, akafaulu kwa haki. Akarudi Corwin na muhuri wa mhandisi. Muhuri huo kwao ni kitu kizito: mchoro usiogongwa haujengwi, na ukiugonga, kosa ni lako mpaka kaburini. Kocha, ambaye sasa ni meya, akaleta daraja jipya. Akamtafuta mchezaji wake wa zamani. Lennox akachukua hesabu za upande huu na hesabu za upande ule, akaziweka kwenye mchoro mmoja kama ndugu wa tumbo moja, akagonga muhuri.

Daraja likaanza kujengwa kutoka pande zote mbili, likutane katikati. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Meya alitaka litembewe kabla ya kura, bendi ya shule ikitangulia. Kibao cha shaba chenye jina lake kilikuwa tayari. Kocha alikipeleka kwa fundi kabla ya saruji.

Kila mwaka Odessa aliwapeleka wanafunzi wake mtoni kupima upana wa maji kwa kamba, vijiti na hesabu. Mwaka huo akawapeleka wale sita, siku ya Alhamisi. Binti mmoja, Ruthann, alifumba jicho moja, akaangalia mkono wa daraja wa upande huu, akafuata unakoelekea.

“Mwalimu, mikono haitazamani.”

“Hayo ni maneno. Nipe namba.”

Wakapima. Futi nne. Wakapima tena. Futi nne. Odessa akawanyang'anya kamba akapima mwenyewe akiwa na matope hadi magotini. Futi nne. Hapo akajua. Akakumbuka ile karatasi nyeupe, na mahali alipotia vyema.

Alikwenda kwa Lennox siku hiyo hiyo? Hakwenda. Jumatatu bodi ya shule ilikuwa inapigia kura chumba chake, na mwenye sauti kwenye bodi alikuwa Kocha. Odessa akasubiri Jumatatu. Kocha akasema chumba kibaki mwaka mmoja. Jumanne ndipo Odessa alipokwenda darajani. Katika siku hizo tano walikuwa wamemwaga saruji ya nguzo mbili, na nguzo hizo baadaye zilibomolewa.

Alimkuta Lennox kwenye kibanda cha mabati, michoro imetandazwa.

“Lennox, umetumia futi gani?”

“Futi gani tena, Mwalimu? Futi ni futi.”

Odessa akavuta kiti. Akamfundisha somo alilolikosa miaka kumi na mitano iliyopita. Lilichukua dakika ishirini. Lennox akapiga hesabu mara moja, akapiga mara ya pili, kisha akaweka kalamu chini taratibu.

“Nani mwingine anajua?”

“Watoto sita.”

Wakaenda kwa meya. Mkandarasi alikuwepo, mtu wa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

“Futi nne?” alisema mkandarasi. “Tutaisukuma mikono ya daraja kwa majeki, tuipinde kidogo katikati. Nani ataona?”

“Chuma kitaona,” alisema Lennox.

“Wewe gonga muhuri kwenye kipande cha kati. Mengine tuachie.”

Lennox akautoa muhuri mfukoni, akauweka juu ya meza ya meya. “Sigongi. Na ule niliogonga mwanzo, naandika leo kwamba nilikosea.”

“Ukiandika hivyo huna kazi,” alisema mkandarasi.

“Basi sina.”

Na kweli hakuwa nayo. Jioni walikuwa wamemfukuza, na baraza la wahandisi likamsimamishia muhuri kwa barua yake mwenyewe. Akaenda kupaka rangi nyumba za watu. Mkandarasi yeye akamtafuta mwingine wa kugonga. Wapo.

Ikabaki mtu mmoja wa kusimamisha kazi, naye ni meya. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya kura. Watu wake wote walimwambia, Kocha, nyamaza, lifunguliwe, ukishapita utalitengeneza. Odessa alimkuta ofisini amekishika kibao chake cha shaba anakifuta kwa kiganja.

“Bendi ndiyo itakayotangulia kupita,” alimwambia. “Watoto sitini na mangoma yao.”

“Najua nani atatangulia, Odessa. Mimi ndiye niliyepanga.”

Jumamosi mchana, mji mzima ukiwa uwanjani, Kocha akachukua kipaza sauti. Akasema daraja limekosewa, na aliyelikimbiza ni yeye, na kuanzia saa hiyo hakuna jiwe litakalowekwa juu ya jingine. Watu wakamzomea. Mama mmoja ambaye mumewe alikuwa anazungushwa maili sitini kila wiki akamrushia kikombe cha kahawa. Wiki mbili baadaye akashindwa kwa kura nyingi. Aliyeshinda alikuwa muuza matairi. Huyo alimchukia Kocha, lakini vyuma vya mazoezi alivipenda kuliko Kocha mwenyewe.

Wakaja wakaguzi kutoka makao makuu ya jimbo. Wakapiga hesabu zao, wakasema lingepindwa vile, lingeanguka siku ya kwanza. Likabomolewa lililopaswa kubomolewa, likajengwa upya. Likachukua mwaka na nusu.

Siku ya kulifungua akaja gavana, mwanamke wa haraka haraka mwenye viatu vya bei. Akakutana na Odessa, Lennox na Kocha kwenye chumba cha sayansi, kwa sababu kilikuwa karibu. Vyuma vya mazoezi vilikuwa vimeshafika mlangoni, na mafundi walikuwa wameahidi kung'oa mabomba Jumatatu.

“Mmeokoa watu,” alisema gavana. “Mmoja wenu aniombe jambo moja, nitalitimiza kabla sijapanda gari. Moja tu. Nikitoa matatu, kila mji utataka matatu.”

Lennox akasema, “Nirudishiwe muhuri. Wengine waliongea. Mimi ndiye niliyekataa kugonga, na ndiye pekee niliyepoteza mkate.”

Kocha akasema, “Kukataa kwake hakukusimamisha hata toroli moja. Mimi ndiye niliyesimamisha, nikatoa kiti changu. Wekeni kibao changu darajani. Ninacho gereji, nimechoka kukifuta.”

Odessa akasema, “Nyote wawili mngejua nini? Kosa limeonekana humu, na watoto wa humu. Nataka chumba. Ruthann ana mwaka mmoja wa kumaliza, na bila somo hili hakuna chuo kitakachomchukua kusomea uhandisi.”

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha hesabu nusu, akafungua droo. Akaitoa ile karatasi ya miaka kumi na sita na ushee, akaiweka mezani. Swali la tisa: nyeupe, na vyema juu yake.

Lennox akaisoma. “Nilijua nilifaulu,” alisema.

“Ulipata hamsini na nane.”

“Niliziomba mimi,” alisema Kocha.

“Nilizitia mimi,” alisema Odessa. “Na nilipojua kosa darajani, nilikaa siku tano kulinda chumba hiki.”

“Na mimi sikuuliza,” alisema Lennox. “Miaka yote ile chuoni, na ofisini, sikuuliza ni futi gani.”

Gavana akatazama saa yake. Alikuwa mwanasiasa, hakupenda kuamua kitu ambacho angeweza kumtwisha mwingine. Akaokota chaki, akamwekea Odessa mkononi.

“Mwalimu, wewe ndiye uliyezoea kusahihisha. Waandike watatu ubaoni, nawe ukiwemo. Mmoja mtie vyema. Na safari hii usinitilie penye karatasi nyeupe.”

Odessa akaandika: Lennox. Akaandika: Clyde. Akaandika: Odessa. Nje bendi ilikuwa inapiga, watoto wanapita darajani, nalo limenyooka. Bomba moja linadondosha maji. Akainua chaki.

Msinitazame mimi, chaki si yangu. Semeni nyinyi, na asiniambie mtu “nadhani”: vyema ile aitie kwa nani?