Kitani Chini ya Dhahabu

Hii nimetumiwa asubuhi na dada yangu, nikaisoma mara mbili kabla ya kunywa chai. Isome taratibu, kisha mpe mwenzako.

Zamani, katika mji mmoja wa milimani huko Italia, mchoraji mmoja alifariki akiacha kazi nusu. Ilikuwa picha ya Malaika Gabrieli akimpasha habari Bikira Maria, ya kuwekwa altareni. Alikuwa ameshaunganisha mbao mbili kwa gundi, akazipaka jasi nyeupe, na juu yake akabandika dhahabu. Zilibaki rangi tu.

Mkuu wa chama cha waumini, Mzee Baldo, alimwendea mjane wa mchoraji huyo, Nuta, ambaye naye alikuwa fundi hodari.

"Karakana hii unayoishi ni ya chama, Bi Nuta. Sikukuu ikifika picha haijakamilika, tutampa mchoraji mwingine."

"Itakamilika," Nuta akajibu.

Siku hiyohiyo, akitafuta brashi, alikuta sandukuni kitambaa cha kitani kilichokatwa kwa kipimo cha ubao ule. Kilikuwa kimekunjwa, hakijaguswa. Mafundi wa huko hubandika kitani juu ya maungio ya mbao kabla ya kupaka jasi, ili mbao zikiachana picha isipasuke. Mumewe, kwa haraka na maradhi, alikuwa ameruka hatua hiyo. Na maungio yalipita palepale ambapo uso wa Maria ungechorwa.

Nuta alilia kidogo, kisha akachukua kisu akaanza kukwangua dhahabu yote na jasi iliyokuwa chini yake.

Wifi yake Ghita nusura azimie. "Wifi, una wazimu? Kitani kinakaa chini kabisa! Nani atakiona?"

"Hakuna."

"Na karakana je? Utakwenda kulala wapi?"

"Nishikie ubao huu, wifi. Usiponishikia, nitaushika mwenyewe."

Ghita akaushika, huku akinung'unika.

Nuta alibandika kitani, akapaka jasi tabaka nane, na kila tabaka alilisubiri likauke. Alibandika dhahabu upya. Hakupika wala hakupokea wageni. Sikukuu ilipofika, malaika alikuwa amekamilika, vazi la Maria pia. Uso wa Maria tu ndio ulikuwa bado wa kijani, maana wachoraji wale walianza nyuso kwa kijani, ndipo wakaweka rangi ya ngozi juu yake.

Mzee Baldo alipouona alikunja uso. "Mama wa Mungu anaumwa? Watu wameshakusanyika, kwa hiyo tutaibeba hivi. Lakini kesho utoe vyombo vyako."

Nuta alifuata maandamano ya kuipeleka picha kanisani akiwa ameuma meno.

Desturi ilikuwa mkuu wa chama ashike pembe ya mbele ya picha. Mzee Baldo aliishika kwa fahari, akiwapungia watu mkono. Kwenye ngazi za kanisa alikanyaga joho lake mwenyewe, akaporomoka, na picha ikaanguka juu ya mawe kwa kishindo. Watu walipiga kelele.

Waliinua ubao. Nyuma, mbao mbili zilikuwa zimeachana kiasi cha kuingiza kidole. Mzee Baldo akaugeuza mbele. Uso wa Maria ulikuwa mzima, bila hata ufa mmoja.

"Nini kimeushika?" akauliza.

"Kitani, Mzee. Ndicho kilichonichelewesha."

Mzee Baldo alikuwa na aibu, na hakuificha.

"Karakana ni yako mpaka utakapochoka mwenyewe," akasema. "Uso umalizie hapahapa altareni. Sisi tutasali hivihivi."

Nuta akajifuta machozi, akakunja mikono ya gauni lake.

"Basi nileteeni mayai ya kukorogea rangi."

Funzo: Usiache kuifanya vizuri sehemu ya kazi ambayo hakuna atakayeisifu, hata kama itakuchelewesha na watu wakakucheka. Siku mambo yatakapoanguka, hiyo ndiyo itakayokushikilia.