Pimbi Aliyempenda Chui kwa Kumwona Mara Moja

"Jamani, mpo?"

"Tupo!"

"Na masikio?"

"Tumekuja nayo!"

Basi yategeni, na anayepiga miayo akae nyuma.

Alikuwapo Pimbi, msichana mdogo asiye na mkia, akikaa na mama yake na ukoo wao wote kwenye jabali. Asubuhi moja alishuka chini kutafuta majani mabichi. Akachuma, akala. Akachuma, akala. Utamu ukamsahaulisha kutazama nyuma. Mara, pu! Kucha za Chui hizo, mgongoni.

"Leo nimepata," akanguruma Chui.

Pimbi alijua amekwisha. Moyo ulimpiga di-di-di-di, hata Chui akausikia.

"Unatetemeka nini?"

Pimbi akasema la kwanza lililomjia mdomoni. "Ni mapenzi, Bwana Chui."

"Ati?"

"Nimekutia machoni mara moja tu, sijiwezi! Hayo madoa! Hayo masharubu! Haya, nitafune, lakini nakufa nakupenda."

Masikini Chui, tangu azaliwe alikuwa ameogopwa na kutukanwa kwa mbali. Kupendwa, hata siku moja. Akalamba masharubu yake, akajitazama ubavuni. Lakini tumbo nalo likasema, ngururu!

"Hata mimi nimekupenda," akasema. "Ila njaa ninayo."

"Njaa ya nini, na kwetu ndugu zangu tele, wanene, wanaota jua? Njoo unipose leo hii. Tukioana, ukoo mzima ni wako."

Chui akawaza: mke ni kitafunio, ukoo ndio mlo. Akamkamata mchumba wake shingoni, wakapanda jabali, para-para-para.

"Hodi! Mama, nimeleta mchumba!"

Mama Pimbi akageuka. Aliziona zile kucha shingoni mwa binti yake, kisha akamwona binti anakonyeza. Akameza mate, akajikaza.

"Karibu, mwanangu. Lakini, hee! Macho juu? Kwetu mkwe hamkodolei macho mama wa mkewe!"

Chui akaona haya. Akainama.

"Bado."

Akainama zaidi.

"Bado!"

Akainama mpaka pua ikagusa jiwe.

"Na mkono huo? Unamshika binti yangu mbele yangu, posa sijaipokea? Aibu gani hii!"

Hapo Pimbi aliacha kupumua. Ukucha mmoja ukalegea. Ukalegea wa pili. Kisha mkono wote ukaondoka.

"Nisamehe, mama," Chui akaliambia jiwe.

"Nimekusamehe. Kaa hivyohivyo, nikamwite mjomba wake. Posa haipokewi bila mjomba."

Chu! Watoto wakaingia kwenye ufa wa jabali. Chu! Mashangazi. Chu! Mama. Chu! Pimbi mwenyewe, kwenye mwanya usiotosha hata sikio la Chui.

Mle ndani mama alimkumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikamwuma. Pimbi akashusha pumzi, phuuu! Akalia, akacheka, akalia tena. Alikuwa mzima. Wote walikuwa wazima.

"Afadhali, mwanangu," mama akanong'ona. "Yule hata hivyo nisingekuoza. Ana haraka mno."

Nje, sauti ikauliza kwa unyenyekevu, "Mama, mjomba keshafika?"

"Yuko njiani, baba! Usiinue macho!"

Ndiyo maana hadi leo Chui hutembea kichwa chini. Watu husema ananyemelea. Ananyemelea wapi! Anamngoja mjomba.

Sasa shikeni fundisho, maana mama zenu wataniuliza: mapenzi ya kuonana mara moja ni ya kweli kabisa. Mtu akikwambia amekupenda, mwamini, mwachie shingo, uiname. Hutapata mke wala chakula, lakini utapata adabu.

"Hadithi yangu iko wapi?"

"Imeingia ufani!"

Basi iacheni humohumo, na nyinyi mkalale.