Maji ya Kasi Barazani kwa Ma Verdiana

"Maji ya kasi hayachagui doa." Mmeisikia leo kwenye kikao cha ukoo, mzee wa kikao akimwambia mjomba wenu alipokuwa akimfokea binti yake, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilizaliwa hapa hapa Muleba, kwa jirani yangu, nami nilikuwapo.

Ma Verdiana alikuwa mjane aliyeishi na mwanawe, Mutalemwa. Mutalemwa alioa msichana wa Biharamulo aitwaye Kemilembe, mchapakazi asiyevumilia uchafu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, na mvua za huku mnazijua. Ukuta wa baraza uliota kuvu, na sakafu ilishika weusi ulioushinda ufagio na sabuni.

Ikafika siku ya kuamkia ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Ma Verdiana alikwenda parokiani, Mutalemwa akaenda kutafuta ndizi za wageni. Kemilembe akaazima mashine ya kurusha maji kwa presha kwa vijana wanaoosha magari kule barabarani.

Sisi wanawake tuliokuja kusaidia mapishi tulimkuta amejifunga kanga kiunoni, ameshika mpira wa maji kwa mikono miwili. Maji yalipogusa sakafu, weusi ulikimbia, saruji ikang'aa kama imemwagwa jana. Ilikuwa raha kutazama. Akaosha ngazi, akaosha viti, na sisi tulipoingia jikoni kuwasha moto, akageukia ukuta. Kuvu likatoka. Chokaa nayo ikatoka, ikatiririka chini kama uji.

Kando ya mlango palikuwa na mistari ya mkaa. Kemilembe alidhani ni michoro ya watoto wa jirani, akaipitisha maji.

Kumbe mistari ile aliichora Ma Verdiana, akipima urefu wa wanawe walipokuwa wakikua. Mmoja wao, Domina, alichukuliwa na surua angali mdogo. Hakuwahi kupigwa picha. Mstari wake ndio kumbukumbu pekee iliyokuwa imebaki.

Mutalemwa alirudi, akauona ukuta, akatua mkungu wa ndizi chini.

"Nani kafanya hivi?"

"Ni mimi," Kemilembe alijibu. "Nilikuwa nasafisha."

Mutalemwa alipoanza kusema, hakukoma. Alimwambia amemfuta dada yake. Kemilembe akasema hakujua. Mume hakusikia. Akahamia kwa mama mkwe wake, kwamba hakumfunza binti. Akahamia Biharamulo nzima. Akafika pa kusema kwamba siku aliyomposa alikuwa amepotea njia, na sote jikoni tulisikia. Mtoto mgongoni mwa mmoja wetu akaanza kulia.

Hapo ndipo Ma Verdiana alipoingia uani. Aliutazama ukuta. Kisha akasema polepole, "Mutalemwa, zima mashine."

"Imeshazimwa, mama."

"Nasema hiyo ya kwako."

Mutalemwa akamgeukia.

"Mkeo alitaka kuondoa kuvu, maji yakaenda na Domina wangu," mama alisema. "Inaniuma, na itaniuma. Lakini yeye hakujua kilichoandikwa pale. Wewe mkeo unamjua. Ulitaka kuondoa kosa moja, tazama umeshabandua nini. Maji ya kasi hayachagui doa, mwanangu."

Akaketi kwenye ngazi iliyokuwa bado mbichi, machozi yakimtoka. Kemilembe alisogea, akaketi ngazi ya chini yake. Akauliza, "Mama, Domina alikuwa mtoto wa namna gani?"

Ma Verdiana alifuta machozi. "Mkaidi," akasema. "Na alipenda ukoko wa wali kuliko wali."

Miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumsikia akimtaja mtoto yule. Siku hiyo alimsimulia mkwewe mpaka jua likaegemea magharibi. Mutalemwa alirudisha mashine, kisha akaja kumwomba mkewe radhi pale pale barazani, sisi tuliosikia matusi tukisikia. Kemilembe alimsamehe, ingawa si siku ile. Maneno mengine huchelewa kukauka.

Kwa hiyo mzee wa kikao hakumkataza mjomba wenu kumkanya mwanawe. Binti kweli alikosa. Alimkumbusha tu aangalie ni nini kingine kimesimama mbele ya ulimi wake, kwa sababu maji ya kasi hayachagui doa.