Konokono Aliyepinda Kushoto

Ndugu zangu, wa nyuma mnanisikia? Basi tegeni sikio, maana tangu asubuhi mfano huu unaniwasha ulimi!

Katika shamba moja la migomba palikuwa na ukoo wa konokono, na magamba yao wote yalizunguka kulia. Akazaliwa binti mmoja, gamba lake likazunguka kushoto. Kushoto! Mama yake akalia kama aliyefiwa.

"Mwanangu, nani atakuposa? Ukikutana na mwenzio, miili yenu haielekeani!"

"Kwani nimefanya nini, mama?"

"Hujafanya kitu. Ndivyo ulivyotoka."

Mvua ikinyesha, wenzake hutoka wawili wawili. Yeye hujibanza chini ya jani, akimwomba Mungu jambo moja tu: nigeuze niwe kama wao. Nani kati yetu hajawahi kuomba ombi hilo?

Sasa humo shambani kulikuwa na nyoka, chakula chake konokono. Ukoo wa nyoka huyo, vizazi na vizazi, ulikula hao wa kulia tu, hata taya lao likapinda kuwafuata. Asubuhi moja akaja. Akamchomoa mama mtu ndani ya gamba kama anayemenya ndizi. Shangazi naye, vilevile. Akamfikia binti. Akauma, meno yakateleza! Akarudia, yakateleza tena! Akachoka, akaenda zake. Mnaona? Kile alichokililia kila siku ndicho kilichomponya!

Naona mnapiga makofi. Ngojeni kwanza, sijamaliza.

Binti akampata mwenzake wa shamba la jirani, wa kushoto naye, aliyeachwa na nyoka yuleyule. Wakazaa, wajukuu wakajaa shamba zima, wote kushoto. Akawa bibi wa kuheshimiwa. Ndipo siku moja akaletewa kitukuu mchanga, gamba lake limezunguka kulia. Bibi akamtazama, akageuza uso.

"Mtoeni hapa," akasema. "Huyu si wa kwetu."

Na huko kwenye majani, wajukuu wa nyoka walikwisha kuanza kupinda taya upande wa pili!

Mbona sasa hampigi makofi? Bibi huyo ni sisi. Tulikataliwa, Mungu akatuponya, tukajaa humu ndani, na sasa sisi ndio tunaokataa watu mlangoni. Lile benchi la mwisho lina mtu mmoja, na hii ni Jumapili ya tatu anakaa peke yake. Msinitazame mimi. Inukeni sasa hivi, mkampe mkono.