Sindano ya Siku Tatu

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya mababu, ni juzi tu, mtandao unashika na bado watu wanakufa kijinga, palikuwa na mwanamke huko milima ya Rungwe, jina lake Atuganile. Mumewe Ambakisye alikuwa na digrii. Ameitia fremu, ameitundika juu ya kochi la mama yake. Kazi hana, Kiingereza anacho.

Atuganile akapata mimba ya kwanza, akaenda zahanati. Nesi Kissa akafungua kadi, akafika penye kundi la damu, akaandika O chanya. Hakumtoboa hata kidole. Dawa ya kupimia iliisha tangu Pasaka, na sasa Krismasi inabisha hodi.

"Wengi hapa ni O chanya," akasema Kissa. "Na wewe sura yako ni ya O chanya kabisa."

Wakacheka wote wawili.

Akajifungulia hospitali ya wilaya, mtoto wa kike, Subilaga, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi. Kwa kuwa mama alitoka damu nyingi, wakampima upya. Kumbe ni O hasi, na mtoto ni chanya. Daktari akaandika karatasi, akampa nani? Mume. Karatasi inasema: Rh negative, give anti-D within 72 hours. Yaani damu yake ni hasi, achomwe sindano ndani ya siku tatu. Sindano moja, basi.

Ambakisye akaisoma, akaielewa, akampelekea mama yake. Umesikia vizuri. Mwenye damu amelala hatua kumi kutoka pale, yeye anampelekea mama yake.

"Sindano ya nini kwa mtu aliyekwisha kuzaa?" akauliza Bibi Nsekela.

"Ni kwa ajili ya mtoto atakayefuata, mama."

"Ya kumzuia asije?"

"Ya kumlinda."

"Ndivyo walivyomwambia mke wa kaka yako. Hachomwi mtu."

Siku ya kwanza ikapita, karatasi iko mfukoni. Siku ya pili ikapita, karatasi iko mfukoni. Siku ya tatu wakaruhusiwa kurudi nyumbani, karatasi iko mfukoni, na mwenye damu anaulizwa kama supu imekolea chumvi.

Mimba ya pili ikaja. Nesi Kissa akachukua kadi ya zamani, akanakili: O chanya. Mtoto wa kiume akazaliwa, jioni macho yakawa ya manjano, kesho yake mwili mzima manjano, siku ya tatu akazikwa.

Safari hii daktari alimweleza mama mwenyewe. Damu ya Subilaga ilipoingia kwako wakati wa kuzaa, mwili wako uliiona ngeni, ukatengeneza askari. Wa kwanza alishatoka, hawakumkuta. Wa pili walimkuta ndani. Ile sindano niliyomwandikia mumeo ingewazuia wasitengenezwe.

"Sindano ipi?" akauliza Atuganile.

Matanga hayajaisha, ukoo ukakaa kikao. Baba mkubwa Mwasomola akakohoa kama mkuu wa wilaya. "Damu ya huyu mwanamke inakula watoto wetu. Arudi kwao. Subilaga ni wa ukoo, anabaki."

Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni la Atuganile, ya mtoto ambaye hayupo. Akajifunga khanga kifuani, akasimama.

"Baba mkubwa, nitarudi. Lakini mimi ndiye wa mwisho kuambiwa nina damu gani. Naomba waliojua kabla yangu waongee. Na nesi aitwe."

Nesi akaitwa.

Kissa akasema, "Niliandika uongo. Lakini kadi yenye nafasi wazi, wilayani wanairudisha, na mama anarudi nayo na uchungu wake njiani. Subilaga mwenyewe alipokelewa kwa uongo wangu. Karatasi ya kweli ilikuwepo. Nani aliniletea?"

Bibi Nsekela akasema, "Mke wa mwanangu mkubwa alichomwa kitandani, hakuulizwa, hakuzaa tena. Tulipouliza, walitucheka. Mimi nilijua sindano moja, nayo ilitufungia mlango. Kusoma sijui. Aliyesoma alikuwa na mdomo wa kunikatalia."

Ambakisye akasema, "Nilimwambia ni ya kumlinda. Sasa mnataka nipigane na mama? Miaka sita nalala kwake, nakula kwake, mimi, mke na mtoto. Angetufukuza tungekwenda wapi, kwenye fremu ya digrii? Na Subi alikuwa mzima. Nikasema labda daktari anatisha watu tu."

"Shati lako nalifua mimi," akasema Atuganile. "Karatasi sikuwahi kuiona. Ulikuwa unaitoa kabla sijafua?"

"Nilikuwa naitoa."

"Kila mara?"

Shangazi mmoja akaguna, "Mwenzetu msomi kweli."

Baba mkubwa akaona aibu inamkaribia, akaiwahi. "Ukoo hauwezi kufukuza watu watatu. Taja mmoja, mwanangu. Utakayemtaja hatakanyaga uwanja huu tena, na wewe utabaki na binti yako. Usipotaja, unaondoka wewe, mtoto anabaki."

Akimtaja Kissa, zahanati ile haina nesi mwingine. Akimtaja mama mkwe, paa na shamba ni vyake, navyo vitamfuata. Akimtaja Ambakisye, Subilaga amelala mapajani mwa baba yake, kamshika kidole.

Atuganile akafungua mdomo.

Nami naishia hapo, zamu yenu. Msiniambie "wote", hilo ni jibu la wasiotaka kuchukiwa. Msiniambie "ni system", system haina miguu ya kutoka uwanjani. Aliyeandika asichokijua, aliyekataza asichokielewa, na aliyejua, akaelewa, akanyamaza: je, nani alistahili kutajwa?