Kombora Lililookoa Hospitali

Hapo zamani za vita, tegeni sikio, manowari moja ililinda mji wa bandari wenye hospitali iliyojaa majeruhi. Ilibeba makombora ya kutungulia ndege.

Adhuhuri moja Sajenti Mwanakheri, mwangalizi wa rada, aliona alama ndogo mbali baharini. Akawaza, "Labda ni kundi la shakwe." Akanyamaza. Alama ikakua. Ndipo akapaza sauti, "Afande, kuna ndege inakuja!"

Kapteni Tunje akashika redio. "Wewe ni nani? Umebeba abiria?" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akazidi kuita, maana aliogopa kuua abiria. Ndege ikavuka maji, ikafika juu ya kijiji cha Mwandoni, ikielekea hospitali.

"Piga!" Tunje akaamuru.

Koplo Lugogo, mrusha makombora, alijua kijiji kiko chini ya ndege. Akabonyeza kitufe.

Kombora likapaa, likaipata ndege ile ya adui. Vipande vya moto vikamwagika Mwandoni. Mjini watu wakapiga vigelegele.

Mwandoni karibu watu wote walikwishahama. Ilibaki nyumba moja tu yenye watu, ya Nyamawi, mvuna chumvi. Yeye alikuwa kwenye majaruba ya chumvi. Mkewe Mbeyu na watoto walikuwa wakila. Hakupona hata mmoja.

Wanamaji wale watatu wakaenda, wakamkuta Nyamawi ameshika jembe kando ya maiti zilizofunikwa leso.

Mwanakheri akapiga magoti. "Baba, kosa ni langu. Ningesema mapema, ndege ingeangukia baharini."

"La, mzee, ni langu," akasema Tunje. "Aliponiambia bado ilikuwa baharini. Mimi ndiye niliyengoja."

"Ni mimi," akasema Lugogo. "Wao walisema tu. Kidole ni changu, na nilijua hapa pana nyumba."

Nyamawi hakuwalaani. Akasema, "Sina jirani wa kunizikia. Lakini aliyewaua hawa asiguse kaburi lao. Wasio na hatia, nisaidieni kuchimba."

Hakusogea mtu.

Basi Nyamawi akainua jembe achimbe mwenyewe. Lakini akalishusha. "Tuliambiwa tuhame," akasema. "Mbeyu alishafunga mizigo. Nikamwambia, fungua, tungoje chumvi ikauke." Jembe likamponyoka, akaketi chini akilia.

Jua lilikuwa kali, na nzi walishaanza kutua kwenye leso.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, wafu hawawezi kungoja. Je, kati ya hao wanne, ni nani aliyestahili kuliokota jembe lile?